Ngozi ya Wiki Tatu

Hebu niambie, ngozi ya mama na ya mtoto aliyemzaa si ni moja? Hivyo ndivyo alivyoamini mama mmoja muuza mitumba, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Bintiye alilazwa wodi ya walioungua, kitanda cha dirishani, mgongo na mikono imebabuka. Mama ndiye aliyejaza mafuta ya taa kwenye jiko linalowaka, akatoka kuanua nguo. Binti kuingia jikoni, likalipuka. Majirani walipouliza, mama akasema, "Si huyu binti, kajaza jiko huku linawaka." Lilimtoka kwa woga tu, na kila siku iliyopita lilizidi kuwa gumu kulifuta. Binti alilisikia akiwa amelala sakafuni. Tangu hapo hakumwambia mama yake zaidi ya "maji" na "asante". Shangazi alipokuja kumtazama akamsema binti papo hapo kitandani kwa uzembe wake, na mama akawa anakunja shuka lililokwisha kunjwa.

Daktari aliwaeleza taratibu. Njia bora ni kuchuna ngozi nyembamba pajani pa binti mwenyewe, kuitoboatoboa kwa mashine iwe kama wavu, ivutike ifunike kidonda kikubwa. Hiyo ikishika imeshika. Ila ngozi yake nzima iliyobaki ilitosha mikono tu. Paja lingechunwa, lingojwe lipone, ndipo lichunwe tena kwa ajili ya mgongo. Katika kungoja, mgongo ungeweza kufunikwa kwa ngozi ya mtu mwingine.

"Lakini hiyo ni ya kuazima, mama. Wiki mbili, tatu, mwili wake utaikataa."

"Utaikataaje? Nilimbeba miezi tisa, mwili wangu ulimkataa?"

Daktari akajikuna kisogo. "Hayo ni mambo mawili tofauti, mama."

"Chukua ya kwangu."

Nesi, mwanamke mwenye maneno yake, akamwangalia kiunoni kushuka chini. "Kwa mapaja haya tutafunika wodi nzima, na nyingine tutapeleka jirani."

Wakamchuna. Paja lilimwaka kama limepakwa pilipili, na yeye akaona afadhali. Maumivu hayo aliyaweza. Yale maneno mawili ya bintiye ndiyo yaliyomshinda.

Siku ya tano bandeji zikafunguliwa. Wavu wa mikononi umeshika, ngozi ya mgongoni nayo imeshika, ina rangi nzuri. "Si nilisema," mama alimwambia nesi, akachechemea kutwa nzima akitabasamu.

Wiki ya tatu, matundu ya ule wavu yalikuwa yamejifunga. Ya mgongoni ilikuwa imegeuka rangi ya chai iliyolala, inainuka pembeni. Nesi aliibandua kwa kibano, kipande baada ya kipande, akiitupa kwenye beseni. Chini yake nyama ilikuwa nyekundu, safi, na paja la binti limepona, tayari kuchunwa tena.

"Imefanya kazi yake, mama," nesi alisema kwa upole.

Mama hakumsikia. Alikuwa ameinamia beseni.

"Nichuneni tena," alisema. "Paja la pili si lipo?"

"Mama, acha." Binti alikuwa amelala kifudifudi, uso kwenye mto, sauti yake ikisikika kwa mbali. Nesi akasimamisha kibano. "Mimi sikutaka ngozi yako. Nilitaka uwaambie watu ni nani aliyejaza lile jiko."