Uji wa Mzee Humoud

Mimi Sitara ni muuguzi, na asinihubirie mtu habari ya uvivu. Wiki ile tulikuwa wawili kwa wagonjwa arobaini na wanne. Mwenzangu Severa akaanguka kwa presha, nikabaki peke yangu, zamu ya tatu mfululizo. Ukiniita "Nesi!" mara moja, nageuka. Ukiniita mara kumi, nakufokea. Ndivyo nilivyokuwa, Mungu anisamehe.

Mzee Humoud, muuza kanzu wa Kariakoo, alikuwa apasuliwe ngiri asubuhi. Mgonjwa wa upasuaji hali wala hanywi, na ndugu zake lazima waambiwe. Kwenye faili pana mahali pa kuweka tiki: ndugu wameambiwa. Jioni ya kuamkia siku hiyo niliweka tiki mafaili yote sita ya wagonjwa wa upasuaji kwa mpigo, nikasema nitapita kitandani kwa kila mmoja. Mara wakaletwa majeruhi wa bodaboda. Sikupita.

Alfajiri mkewe, Bi Mauza, akaja na chupa ya uji wa pilipili manga, akamnywesha kikombe kizima. Daktari aliposikia akasogeza upasuaji hadi kesho yake. Mchana ngiri ikajikaba, utumbo ukanasa ndani yake. Wakamkimbiza chumba cha upasuaji, lakini wapi! Magharibi haikumkuta.

Siku ya tatu nilienda matangani. Nilishakata shauri: nitasema, wanifukuze wakitaka. Bi Mauza alikuwa ameketi mkekani kwenye eda yake, kikombe cha uji kimepoa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uji haunipiti tena. Nimemuua mume wangu kwa mkono wangu huu."

"Hapana, mama! Kosa ni langu. Sikukwambia kama asile."

Akanishika kiganja. "Mwanangu Abdulmajid kaonyeshwa faili. Mlituambia. Ni mimi niliyesahau, uzee huu."

"Wallahi, mama, sikukwambia! Ile tiki niliiweka tu!"

"Una huruma, wewe," akasema, akinifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. "Wataka kunibebea mzigo wangu. Haubebeki, mwanangu."

Nikaapa tena. Akatikisa kichwa tu, akawageukia wanawake wenzake. "Mpeni nesi wetu uji. Mwangalieni macho, maskini, hajalala huyu."

Wakanipa. Niliunywa huku nalia, na aliyekuwa akinibembeleza ni yeye.