Chumba cha Bei ya Kutupa

Kaka mtu alichukua chumba kwenye hoteli ya kasino kwa sababu moja tu: ilitazamana na hospitali alikolazwa mama yao. Wacheza poka walipewa chumba kwa bei ya kutupa, na kifungua kinywa juu yake, mradi kila siku watimize saa sita mezani.

"Nitakuwa pua na mdomo na mama," alimwambia dada yake, aliyekuwa akilala kwenye benchi la wodi.

Saa sita! Mtu mzima na akili zake anakaa kitako, anatupa karata nzuri na mbaya, hachezi wala haondoki, analinda chumba tu. Na saa za kuona wagonjwa zinakuja, zinapita.

Jioni ile dada alipiga simu. "Njoo, mama anakuulizia."

"Nakuja sasa hivi."

Lakini kadi yake ilikuwa bado kwenye kimashine cha kuhesabia muda. Akiichomoa mapema, kesho angelipa bei kamili. Akabaki. Kidogo tu, alijiambia.

Alipotoka alimkuta dada amesimama mapokezi ya hoteli, ameshika ndala za mama.

"Mpaka anakata roho alikataa tufunge mlango wa wodi," dada alisema, wala hakulia. "Alisema utafika tu, kwani ni kuvuka barabara."

Kaka alizipokea ndala. Nyuma ya kaunta, msichana wa mapokezi alitabasamu mpaka jino la mwisho.

"Hongera, bosi, saa zako zimetimia! Tukuongezee siku ngapi?"