Jina Alilozikwa Nalo Bakiri

Siku Bakiri alipokufa, aliyetangazwa kufa ni Égide. Concilie aliitwa wodini kama mke wa marehemu, naye akaitika. Mumewe, Égide mwenyewe, alikuwa getini, mzima, kofia mkononi, lakini hapakuwa na njia nyingine ya kuupata mwili.

Mambo yalianza kwa wema tu. Égide na Bakiri, wazee wawili, walitoka Bujumbura, wakapanga vyumba vinavyotazamana katika ghorofa moja la mtaa wa Joubert Park, kusini kabisa mwa Afrika. Égide alikuwa na hati ya ukimbizi na pensheni ya wazee, kwa hiyo hospitali ya serikali ilimtibu bure na kumpa dawa zake za moyo kila mwezi. Bakiri, fundi cherehani, ombi lake la ukimbizi lilikuwa limekataliwa. Mtu kama yeye aliambiwa alipe gharama zote kabla ya kupewa kitanda. Kwa watu wao, kuazimana kadi ya hospitali lilikuwa jambo la kawaida kama kuazimana sufuria. Bakiri alipoanza kukohoa damu, Égide alimpa kadi yake bila kuombwa.

"Usijali, shemeji," Bakiri alimwambia Concilie mlangoni. "Jina la mzee wako nitalirudisha likiwa limefuliwa na kupigwa pasi."

"Lirudishe tu," Égide akamjibu. "Lako nani atalitaka?"

Wakacheka wote. Hakurudi.

Watu wa msikiti walimwosha na kumswalia kwa jina lake mwenyewe, lakini kibali cha maziko kilikuwa na jina la Égide, na kibao cha kaburini kikafuata kibali. Égide alitupia udongo kama wengine. Kisha akasimama akikisoma kile kibao, akauliza kwa sauti ndogo kama hakiwezi kugeuzwa upande wa pili.

Habari ikatangulia kufika nyumbani. Akina mama wa jumuiya ya kanisani walikuja kumpa Concilie pole, na aliyewafungulia mlango ni Égide. Denise, kiongozi wao, alipiga ishara ya msalaba. Walielezwa, wakacheka kwa kuchelewa, wakanywa chai. Lakini Égide alipowapitishia sukari, hakuna aliyeipokea mkononi mwake. Tangu hapo watu waliokutana naye kwenye ngazi walijibana ukutani apite, hata palipokuwa na nafasi tele. Mwezi ule pensheni haikuingia.

Dawa zilipokwisha wakaenda hospitali. Mama wa dirishani aliandika jina, akatazama kompyuta, kisha akamtazama Concilie na kumpa pole kwa Kiingereza cha upole. Égide akasema kwamba ni yeye, yuko hapa. Yule mama hakumgeukia. Alisema mtu huyo aliletwa hapa, akafia hapa, na mkewe akatia sahihi.

"Sasa huyu ni nani?" akamuuliza Concilie.

Concilie alielewa swali lile lilikuwa na uzito gani. Akisema ni mume wangu, atakuwa amekiri kwamba alidanganya juu ya maiti. Wangemkamata, na hati zao zingekwenda. Akinyamaza, Égide anarudi nyumbani bila kidonge, na daktari alishawaonya kwamba moyo wake hauwezi kukaa bila dawa. Mlinzi alikwishaanza kusogea.

"Ni jirani yangu," alisema. "Anaitwa Bakiri."

"Naam," akaitika Égide.

Concilie aligeuka. Mumewe hakuwahi kuitika hivyo maishani mwake; hivyo aliitika Bakiri. Yeye husema "karame", kwa Kirundi, kama wazazi wake walivyomfundisha. Yule mama alilitafuta jina hilo kwenye kompyuta, akaeleza, bila ubaya, kwamba Bakiri hana hati, na asiye na hati hulipa kwanza.

Walirudi kwa miguu. Ghorofani, Égide aliupita mlango wao, akaweka mkono kwenye kitasa cha chumba cha Bakiri, akakohoa. Alikaa hivyo mpaka Concilie alipomshika mkono wa shati na kumwingiza nyumbani.

Sasa hana dawa. Concilie humpikia bila chumvi, kama nesi mmoja alivyowaelekeza zamani, na kila asubuhi huweka kiganja kifuani pake kabla ya kumwamsha.