Mikwaruzo Chini ya Kiti

Watu wa mahakamani walimwita Bibi Kiti, na yeye hakuchukia. Alikuwa mtaalamu wa elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, na kila alipoitwa kumpima mtoto au kutoa ushahidi hakuandika hata mstari kabla hajaenda darasani kukaa kwenye kiti cha mtoto mwenyewe. Mawakili walimcheka: mwanamke wa miaka sitini, magoti yamekaribia kidevu, ametulia nyuma ya dawati kama anayesubiri kuitwa jina. Wacheke tu. Kuuliza si ujinga, na yeye alikuwa na maradhi ya kuuliza hata viti.

Kwa binti mmoja tu ndipo alipoivunja desturi hiyo. Miaka miwili iliyopita shule ilimwomba ampime mtoto wa miaka saba asiyeshika kitu darasani. Ilikuwa likizo, madarasa yamefungwa, akampimia ofisini kwake. Akaandika kwamba anasikia vizuri, anaona vizuri, ila uelewa wake ni mdogo na ni mkaidi. Akatia sahihi, akamsahau.

Sasa shule ilitaka kumhamishia mtoto yule kwenye shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu wa akili, mwendo wa siku nzima kutoka kwao. Mama yake akakataa katakata, na kesi ikafika kwa hakimu. Wakili wa shule akampigia simu Bibi Kiti.

"Mama, ripoti unayo tayari. Uje tu uisome."

"Sijakaa kwenye kiti chake."

"Hicho kiti kina nini, mama?"

"Ndicho ninachotaka kujua, mwanangu."

Mwalimu wa darasa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto hamsini na wawili, sauti iliyokwaruza, na daftari la nidhamu ambalo alilifungua kabla hajaombwa. *Amegeuza kiti. Ameonywa.* Maneno hayohayo mara kumi na tisa.

"Kiti chake ni kile cha mwisho, ubavuni mwa ukuta," alisema. "Kila nikigeukia ubao, naye anageukia wenzake apige soga. Nimesema mpaka nimechoka. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Anapiga soga na nani?"

Mwalimu akalifunga daftari. "Kwa kweli," alisema polepole, "sijamsikia akiongea na mtu."

Jibu hilo lilimwasha Bibi Kiti kuliko upupu. Kwenye faili la kesi mama mtu alikuwa ameeleza kwamba nyumbani wanamwita bintiye Chiriku, kwa jinsi asivyonyamaza. Chiriku gani huyo anayewageukia watu asiwaambie kitu?

Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakamwagika nje, naye akaenda kukaa. Ukuta ulikuwa kuliani kwake, darasa zima kushotoni. Alichungulia chini ya meza, akaona ubani uliotafunwa. Alipapasa ukuta, ukuta ulikuwa ukuta. Kalamu ikamponyoka, na alipoinama kuiokota akaona mikwaruzo kwenye sakafu ya saruji: mistari miwili iliyopinda, iliyolika sana. Mara kumi na tisa haziwezi kuchimba saruji vile. Mtoto alikuwa akikigeuza kiti kila siku, kidogo kidogo, mwalimu akimwona kwa nadra tu.

Akakisukuma kiti kwa kufuata mikwaruzo mpaka ilipoishia. Sasa ukuta ulikuwa mgongoni, viti vya wenzake mbele yake, na sikio lake la kulia limeelekea ubaoni moja kwa moja.

"Mwalimu, hebu sema chochote."

Mwalimu akashusha pumzi, akaanza kutaja jedwali la kuzidisha kwa saba. Bibi Kiti akaziba sikio la kushoto kwa kidole. Akasikia kila tarakimu. Akakirudisha kiti kama shule inavyotaka, kidole bado sikioni. Makelele ya watoto uwanjani yakajaa dirishani, na saba mara nane ikapotelea humo.

Akakitoa kidole sikioni taratibu. Aliiona ofisi yake kama yumo ndani: meza iliyosukumwa pembeni tangu alipoikodi, mtoto hukaa ukuta ukiwa kushoto kwake, na yeye mwenyewe, siku zote, kuliani. Saa mbili alizungumza na binti yule kwenye sikio moja, ndani ya chumba kimya, akayasifu yote mawili.

Mapumziko yalipokwisha alimwomba binti waende maktaba. Akampa karatasi na rangi, akasimama nyuma ya bega lake la kushoto, akanong'ona, "Kuna peremende kwenye mkoba wangu, chukua." Rangi iliendelea kutembea. Akahamia kulia, akanong'ona vilevile. Binti alishachukua mbili kabla hajamaliza sentensi.

Wiki iliyofuata daktari wa masikio akathibitisha: la kushoto halisikii kitu, na inaelekea ni tangu kuzaliwa.

Wakili wa shule aliisoma ripoti mpya mara mbili. "Mama, sisi ndio tuliokuita."

"Mmeniita. Hamkuniazima ulimi."

"Utajiumbua mwenyewe mbele za watu."

"Najua," alisema. Miaka thelathini jina lake halijawahi kukosolewa, na alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mahakamani wakili wa mama mtu alimuuliza nani aliyeandika kwamba mtoto ni mkaidi. "Mimi." Alikosea? "Nilikosea. Mkaidi alikuwa meza yangu." Watu wakacheka kidogo, hakimu hakucheka. Aliuliza maswali mengi kuhusu mikwaruzo, kisha akaamuru mtoto abaki shuleni kwake, ahamishiwe kiti cha mbele upande wa kushoto wa darasa, na kuanzia hapo afundishwe upya aliyoyakosa.

Nje, kwenye ukumbi, mama mtu alikuja akasimama mbele ya Bibi Kiti. Hakuja kushukuru.

"Nilikuwa najua kuna kitu," alisema. "Tangu mdogo nilikuwa namwita, wakati mwingine haitiki. Ripoti yako ikasema anasikia. Nikaiamini kuliko macho yangu. Kuanzia siku ile, asipoitika, nilimchapa."

 Bibi Kiti akamtazama binti aliyekuwa ameshika mkono wa mama yake, na polepole akaanza, "Mwanangu, nilikuwa nataka..."

Binti hakugeuka. Alikuwa akitazama mlango. Kisha akageuka, akaona midomo inacheza, akauachia mkono wa mama yake, akazunguka nyuma ya Bibi Kiti, akaja kusimama upande wake wa pili. Akamvuta mkono wa gauni mpaka mwanamke yule mtu mzima akainama, mdomo wake ukafika kwenye sikio la kulia la binti.

"Haya," alisema Chiriku. "Sema sasa."