Nyumba ya Sajini Kezironi

Marthe alihamia mtaa wa Ruti mwaka 2012 na watoto wake watatu. Alikuwa amekaa kambi ya wakimbizi ya Nakivale miaka kumi na miwili tangu alipokimbia kwao Fizi; mumewe Grégoire aliuawa wakiwa njiani, na hakuna aliyebaki nyuma kumzika. Nyumba aliyoinunua ilikuwa na vyumba vitatu, na nyuma ya jiko palikuwa na sakafu pana ya saruji. Asuman, mfanyabiashara aliyemuuzia, alimwambia hapo ni mahali pa kufulia. Basi kila Jumamosi Marthe akafulia hapo.

Mchana mmoja mwaka huohuo mwanamke aliyekonda sana alibisha getini. Alisema anaitwa Norah, ametoka Endiinzi.

"Mama, samahani. Mimi nakuja kuona bwana yangu."

"Bwana yako? Humu hamuna mwanaume."

"Iko hapo nyuma ya jiko."

Marthe akageuka kutazama upande wa jiko. Norah akamweleza yote. Mumewe, Sajini Kezironi, aliijenga nyumba ile mwaka 1997. Miaka miwili baadaye homa ikamuua, akazikwa uani. Shemeji yake akamfukuza Norah na bintiye, akamuuzia mwalimu nyumba. Watoto wa mwalimu wakaliogopa kaburi, naye akaiuza kwa Asuman. Asuman hakutaka mnunuzi mwingine aogope. Akalifunika kwa saruji.

"Nyumba mimi sitaki," Norah alisema. "Nataka mifupa tu, nipeleke nyumbani. Mimi mgonjwa, mama. Nikikufa, nilale karibu na yeye."

Marthe aliifikiria hati yake ya mauziano, karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari. Mkimbizi kama yeye angemshtakia nani? Leo wangechukua mifupa, kesho wangeitaka nyumba.

"Mie sijue ile mambo," akasema. "Nilinunua nyumba, sikununua kaburi. Wende kwa Asuman."

Akafunga geti. Kwa muda mrefu alikiona kivuli cha Norah chini ya geti la bati, kisha kikaondoka.

Tangu siku ile hakufulia tena pale. Alimfikiria Grégoire kando ya ile barabara ya Fizi, na jinsi ambavyo angembusu miguu mtu yeyote wa kumwonyesha alipolala. Hata hivyo hofu ilimshika miezi minne kabla hajapanda gari kwenda Endiinzi kumtafuta Norah.

Binti wa Norah, Annah, alimpokea mlangoni, wala hakumkaribisha ndani.

"Mama tulizika wiki jana," alisema. "Kila gari ikisimama, alikuwa anauliza kama ni wewe."

Marthe akapiga magoti palepale. "Mukuje mubebe baba yenu. Munisamehe, mwanangu."

Annah aliuliza tu waje siku gani. 

Walikuja Alhamisi, yeye na wanaume wanne wenye sululu. Saruji iliwasumbua mpaka adhuhuri. Marthe aliwaletea maji, hakuna aliyeyagusa. Mifupa ilifungwa kwenye blanketi jipya, ikapakiwa garini, na Annah akaondoka bila kuaga.

Jioni Marthe alilifukia shimo mwenyewe kwa jembe. Mvua za kwanza ziliponyesha, udongo ukadidimia. Akaongeza mwingine, nao ukadidimia. Mwaka 2015 alikuwa bado anaongeza.