Saa ya Ng'ambo

Wanaosema Lukasi ana wivu, waendelee kusema. Wivu ninao, na saa yenyewe nilinunua mimi.

Nilimnunulia mke wangu Telma siku yake ya kuzaliwa, saa janja yenye mkanda wa kijani, na kabla sijamkabidhi niliiseti mwenyewe kioo kisizime. Kiwake muda wote, atazame asitazame. Telma ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kushonea kule Ufukoni, na kazi yake ni kuzungusha futi kwenye viuno vya watu kutwa nzima. Nilitaka wateja waone kwamba ana mtu wake. Saa iliyozima ni kigae cheusi tu mkononi, nani atajua?

Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia. Nyingine nilibaki nayo. Kioo kikiwa kinazima, mwenye saa lazima anyanyue mkono na kuugeuza ndipo aone, na akiugeuza, wewe wa pembeni huoni kitu. Kikiwaka muda wote, hata ukipita na kikombe cha chai unasoma.

Na nilikuwa na cha kusoma. Nilikuwa na Valdemar.

Valdemar ni mtoto wa mjomba wake Telma. Ukoo wao asili yake ni Msumbiji, ila wameishi Kilambo, ukingoni mwa Ruvuma upande wetu, tangu enzi za babu zao. Kwao mtoto wa mjomba ni mtani, anaweza hata kukuoa, kwa hiyo anakuita mke, wewe unamwita mume, watu wanacheka. Kwetu Tukuyu mtoto wa mjomba ni dada yako, basi, hakuna maigizo. Siku ya harusi ya mdogo wake Telma, huyo Valdemar alisimama katikati ya watu na sahani yake ya wali, akaniita msaidizi. Akasema, msaidizi, muda wa kuazima umekwisha, nirudishie mke wangu. Watu wakavunjika mbavu. Telma naye alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mimi sijawahi kumchekesha namna ile.

Tuliporudi nyumbani Shangani, hapa Mtwara mjini, nikamwambia Kilambo sasa basi. Akitaka kumwona mjomba wake, mjomba aje kwetu. Akaniambia ule ni utani tu, hata mjomba mwenyewe alikuwa anacheka. Nikamwambia ndiyo maana.

Miezi ikapita hajaenda, au mimi nilijua hajaenda. Kisha zikaanza habari za saa. Mara chaji haifiki jioni. Mara wateja anapowapima wanamsomea ujumbe wake mkononi kabla yeye hajausoma. Akaniomba nimwonyeshe pa kubonyeza ili kioo kiwe kinawaka akinyanyua mkono tu. Nikamjibu chaji isimsumbue, nitaichaji mimi kila siku, na kweli nikawa naichaji. Alipoomba tena nikamuuliza ana nini cha kuficha. Hapo akaacha.

Jumamosi moja aliaga kwamba anakwenda Ufukoni, ana magauni ya harusi ya kumalizia. Mimi sikuwa na zamu bandarini, nikashinda barazani na redio. Alirudi jua limeanza kupoa, simu imemzimikia, akatua kikapu na kunyanyua mikono afungue kilemba. Nikaona kioo.

Redio ilikuwa imetoka kutangaza saa kumi na moja. Mkononi kwa Telma ilikuwa saa kumi.

Mgeni angesema saa mbovu. Mtu wa Mtwara hasemi hivyo. Ukifika Kilambo simu inadakwa na mitandao ya Msumbiji, na wenzetu wako nyuma yetu saa nzima. Simu inarudi nyuma, na saa iliyounganishwa nayo inarudi nyuma, mpaka ukikaribia mjini ndipo zinajirekebisha. Lakini simu ikizima kabla hujaondoka kule, saa inabaki na majira ya ng'ambo. Majira hayo hayapatikani Ufukoni.

Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, nikimwita kwa jina la binti yetu aliyeko shule ya bweni. "Mama Neema, saa ngapi sasa hivi?"

Akatazama mkono. "Saa kumi na..."

Akaitazama redio, akanitazama mimi. Hakujaribu kudanganya tena, hiyo ni haki yake nampa. Alikaa kwenye ngazi, mgongo kanipa, akaeleza. Mjomba wake, mzee Feliciano, yuko kitandani, hanyanyuki, hata uji haupiti. Telma amekuwa akienda kumwona kwa kificho kwa sababu nilimkataza. Huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, ndiye aliyemnunulia cherehani yake ya kwanza, na mimi yote hayo nayajua.

Yalikuwapo maneno mengi ya kusema pale. Mimi nilitoa haya:

"Valdemar alikuwepo?"

Telma aligeuka, akaniangalia. "Ni baba yake anayekufa, baba Neema. Ulitaka awe wapi?"

Akafungua mkanda wa kijani, akaiweka saa juu ya redio. Akasema nikae nayo, inawaka kama ninavyotaka. Asubuhi aliondoka na begi lake, na ruhusa hakuomba.

Nikaivaa mimi. Mkanda ulinitosha kwenye tundu la mwisho. Nilijaribu kuiunganisha na simu yangu, ikataka kwanza ifute kila kitu chake, nikaiacha. Ikabaki na majira ya ng'ambo, nami nikawa naichaji na kuivaa, nazunguka bandarini na saa mbili kichwani. Makarani wenzangu wanakwenda kula, mimi natazama mkono: kwa simu zao bado, Telma ndiyo kwanza anabandika sufuria. Nani anamchanjia kuni? Nani anamtekea maji? Nilikuwa namwona Valdemar kabisa, amesimama na ndoo, anasema mke wangu ongeza chumvi, na Telma anacheka. Alikwenda kuuguza, lakini mimi nilisikia kicheko tu. Jioni nilitembea ufukweni, watu na wake zao wananyoosha miguu, nikawachukia wote.

Telma hakupiga simu. Nami sikupiga, nilitaka aanze yeye.

Aliyepiga alikuwa Valdemar. Nilipokea nikiwa tayari kwa ugomvi.

"Shemeji," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. "Mzee ametutoka alfajiri."

Nikampa pole. Halafu nikauliza mbona Telma hakunipigia mwenyewe. Nikasikia sauti za wanawake wakilia kwa mbali.

"Anaogopa, shemeji. Anasema hajui utamuuliza nini kwanza."

Niliomba ruhusa kazini. Kabla ya kutoka nikaingia kwenye mipangilio ya ile saa nikakizima kile kioo, mara ya kwanza tangu niinunue, nikaitia mfukoni. Nilipanga nimkabidhi ikiwa hivyo, aelewe bila mimi kusema mengi. Nikachukua bodaboda, na njia nzima nilikuwa najifunza neno moja. Pole. Pole, mama Neema. Pole kwa mjomba. Nililisema kwenye mikorosho, nikalisema kwenye vumbi, mpaka dereva akanijibu asante.

Wanaume walikuwa wamekaa uani kwenye viti, wanawake ndani kwenye mikeka. Telma aliposikia nimefika akatoka mlangoni. Macho yalikuwa yamemvimba. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, na juu amevaa shati la kiume, la mistari, kubwa, mikono kaikunja. Nyuma yake alisimama Valdemar.

Nikafungua mdomo.

"Shati la nani hilo?"

Valdemar aliinamisha kichwa. Wanawake waliokuwa karibu na mlango wakanigeukia. Telma hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alishika ukosi wa lile shati kwa mikono miwili, akauvuta mpaka shingoni kama mtu anayesikia baridi.

"La mjomba," akasema, akarudi ndani.

Saa ilikuwa bado mfukoni mwangu, kioo kimezimwa, na sikuwa na wa kumwonyesha.