Kilo za Mheshimiwa Mshila

Usiku wa kuamkia leo niliota mizani yangu imeshuka kutoka kwenye boriti ya ghala, imesimama kando ya kitanda changu, inanivuta blanketi.

"Amka, Mghendi," ikasema. "Tumeitwa kumpima Mheshimiwa."

Mimi ni mpimaji wa mahindi na maharagwe katika soko la Mlilo, huu mwaka wa ishirini na mbili. Shule niliiacha darasa la sita. Maneno mengi sina, ila kilo yangu ni kilo, na watu wa wadi yetu wanajua. Ndiyo maana kesho, kwenye mkutano wa wadi, wamenitaka mimi nisimame niseme kama mwakilishi wetu katika bunge la kaunti, Mheshimiwa Mshila, amefanya kazi ya kutosha tumrudishe. Nikisema ndiyo, watamrudisha.

Mshila tulikaa naye dawati moja. Juzi alinipigia simu: "Ndugu yangu, wewe waambie tu nimefanya kazi." Nikamwambia nitawaambia. Jambo moja lilikuwa linanikwaruza. Zahanati yetu ina jengo na ina kitanda, lakini haina mkunga. Hoja ya mkunga ilifika bungeni mwaka juzi ikaanguka. Mshila anasema aliipigania mpaka sauti ikamkauka. Binti yangu Mkamburi ana mimba ya miezi minane, na hospitali iko mbali.

Basi nikavaa viatu.

"Tunampima mwili?" nikaiuliza mizani.

"Mwili alishapimwa na fundi wa suti. Tunapima kazi."

Nikaibeba begani. Nilifungua mlango wa nyumba yangu nikatokea kwenye ukumbi wa bunge, na sikushangaa.

Mlangoni kuna tai nyekundu, imesimama wima bila shingo. Inaniangalia kuanzia viatuni kwenda juu.

"Mgeni hana tai," inasema.

"Nina mizani."

"Hiyo haifungwi shingoni."

Ikanipanda, ikajifunga yenyewe, ikakaza zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Tukaingia.

Kwenye kiti cha Spika kumekaa sikio. Sikio moja, kubwa kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juani. Chini yake, kwenye meza ya karani, kuna koti lisilo na mtu ndani, linaandika.

"Mbona Spika ni sikio?" nikauliza.

"Angekuwa nini?" koti likajibu. "Hapa hoja huamuliwa kwa kelele. Wanaounga mkono wanapiga kelele, wanaopinga wanapiga kelele, yeye anasikiliza upande gani umezidi. Nani alisema nini, hakuna anayeandika."

"Sasa mtu wetu tutampimaje?"

"Kelele hazipotei, mzee. Tunazo stoo."

Likapiga meza. Magunia yakaingia yakitembea kwa miguu yao, arobaini na moja, kila moja limeandikwa MSHILA, MLILO. Nikafurahi. Mtu mwenye magunia arobaini na moja ya kazi si mvivu. Nikaona kesho hata sitahitaji kusimama muda mrefu.

"Onyesha kwanza mizani tupu," mizani ikaniambia.

Huo ndio utaratibu wangu na sikupenda kukumbushwa. Nikaitundika, mshale ukakaa kwenye sufuri, sikio likautazama sijui kwa macho gani, likasema, "Sawa."

Gunia la kwanza likavuta kilo tisini. Nikaandika tisini.

"Toa gunia," mizani ikasema.

"Gunia halizidi kilo moja."

"La mahindi. Hili lifungue."

Nikalifungua. Ndani mlikuwa na viti vya plastiki, turubai, shada la maua, na sauti ya Mshila ikisema poleni sana, poleni sana, poleni sana, kama mashine ya kusaga.

"Mazishi," koti likasoma. "Amehudhuria mia mbili na sita."

"Basi andika," nikasema. "Kwetu hiyo ndiyo kazi. Mama yangu alipokufa alikuja, akashika koleo mwenyewe."

"Na umshukuru," mizani ikasema. "Huo ni utu, na utu una mizani yake. Bungeni hakutumwa kuzika. Hapa huo ni uzito wa gunia. Toa."

Nimepima vitu vya watu miaka ishirini na mbili na sijawahi kuona uchungu wa kufuta namba kama nilivyouona hapo. Nikafuta.

Magunia thelathini yalikuwa mazishi, harusi na kukata utepe. Yaliyofuata yalikuwa na ndiyo zake za bungeni. Nikatia mkono nikachota konzi moja. Zilikuwa nyepesi. Kila moja ina tundu dogo ubavuni na unga ndani, kama mahindi yaliyoliwa na dumuzi.

"Hizi zimefanywa nini?"

"Alizisema pamoja na wenzake kabla hoja haijasomwa," koti likasema. "Huoza haraka."

Kwenye gunia moja tu nilipata punje nzima. Kisima cha Mwangea. Alisimama peke yake, akauliza maswali mara saba, akazomewa, akauliza tena, kisima kikachimbwa. Watu wanakunywa. Nikazipima punje hizo kwa adabu. Kilo tatu na nusu.

"Hizi ni nzuri," nikasema.

"Ni nzuri," mizani ikakubali. "Andika. Usizidishe."

Lilibaki gunia la mwisho, dogo, limeshonwa mdomo. Koti likasoma: "Hoja ya mkunga wa zahanati ya Mlilo."

Nikashika uzi. Kabla sijauvuta, ukumbi haupo tena. Tuko zahanati ya Mlilo, kuta zile zile za kijani, kitanda kile kile. Wajumbe wamekaa wamekizunguka kwenye viti vyao vya ngozi. Kitandani yuko Mkamburi wangu, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Sikio liko dirishani.

"Wanaotaka huyu apate mkunga waseme ndiyo," sikio linasema.

Ndiyo inapanda.

"Wanaopinga waseme la."

La inapanda, kimo kile kile. Sikio linageuka huku na huku.

"Zimelingana. Mjumbe wa Mlilo sijamsikia."

Wote wanamgeukia Mshila. Amekaa karibu na miguu ya binti yangu, mashavu yamejaa. Mkononi ana nusu ya andazi.

"Mshila!" ninaita. "Sema!"

Ananiinulia kidole, kwamba ningoje ameze. Anatafuna. Mkamburi anauma shuka. Mshila anatafuna polepole, kwa heshima, mdomo umefungwa, kama mtu aliyelelewa vizuri. Sikio linangoja. Ninamwona akimeza kidogo, kisha akilikata tena lile andazi.

"La imeshinda," sikio linasema, na dirisha linafungwa.

Mkamburi hakumtazama Mshila. Alinitazama mimi. "Baba," akasema, "andika."

Nikakata uzi wa lile gunia. Makombo, bado ya moto. Nikalitundika. Mshale haukutikisika.

Mshila akaja mbio, akijipangusa mafuta kwenye suti. "Mghendi, ndugu yangu, usiharakishe. Mimi sikupinga! Muulize yeyote, la haikutoka kinywani mwangu."

"Na ndiyo je?"

"Chai ilikuwa imekuja. Sisi ni binadamu."

"Uliniambia sauti ilikukauka."

"Ilikauka. Lile andazi lilikuwa kavu." Hakuwa anatania. Macho yalikuwa yamemlegea kama siku ile mwalimu alipotukuta darasani tumelala. "Andika kilo moja tu. Hii ya mkunga iandikie kilo moja, nyingine zote ufute ukitaka. Kesho watu watauliza hiyo hiyo. Dawati moja, Mghendi!"

"Gunia tupu halina kosa, Mshila. Lakini halipiki ugali."

Akaona sitaandika. Akanyoosha mkono, akaitia kidole gumba kulabu ya mizani, akaivuta chini. Mshale ukaanza kupanda. Nusu kilo. Kilo. Wako wachuuzi waliojaribu hivyo sokoni kwangu, na wote nimewafanyia jambo lile lile. Nikampiga kofi mkononi. Kulabu ikamwingia kwenye kidole. Akapiga ukelele, na ule ndio ulikuwa mkubwa kuliko sauti yoyote iliyotoka ndani ya magunia yale.

Sikio likafungua dirisha. "Hiyo nimeisikia," likasema.

Nikaamka. Kulishakucha. Mke wangu Wakesho alikuwa ameshachota maji, na Mkamburi anafagia uani taratibu, mkono mmoja kiunoni. Sikumwambia mtu yeyote habari za ndoto. Mimi si mtu wa kusimulia ndoto.

Sijamaliza kunawa uso nikasikia hodi. Ni Mshila, peke yake, bila gari wala suti. Nikamkaribisha. Mkamburi akamletea kiti, akamwamkia, "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama tumbo, akaangalia pembeni.

Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa, na damu imepenya kidogo.

"Umeumia?" nikamuuliza.

"Nimeamka nacho hivi. Sijui nimejigonga wapi." Akakificha kwenye kiganja. Akangoja mpaka Mkamburi alipoingia ndani, ndipo akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa:

"Kesho utawaambia kilo ngapi?"

"Tatu na nusu," nikasema.

Hakubisha.